Silabi Iliyodondoka

Nchi yenyewe jina siwatajii. Msidhani naogopa, la hasha. Niogope nini mimi, mtu mwenye watoto tu na nyumba ya kupanga? Ni kwamba jina lenyewe bado limo kwenye foleni, linasubiri kuidhinishwa, na mbele yake kuna rangi za bendera zilizojipanga tangu uhuru. Zamu yake ikifika mtaambiwa.

Kwetu foleni ni utamaduni. Mtoto akizaliwa anapanga foleni ya kupata cheti, akifa anapanga foleni ya jeneza, na hapo katikati ndipo tunapopaita maisha. Hatulalamiki. Nani kasema tunalalamika? Na kila palipo na foleni pamebandikwa kibao cha bluu chenye maneno meupe: WAHESHIMIWA KWANZA. Kipo benki, kipo hospitali, kipo mochwari, kipo hata kwenye choo cha stendi. Sheria yenyewe tuliimbishwa shuleni mpaka tukaiota: katika foleni yoyote ile, ya kitu chochote kile, Mheshimiwa atapishwa mbele, na Mheshimiwa atakayekataa kupishwa atahesabiwa kuwa amemdharau Mtukufu.

Hicho kipande cha mwisho kiliongezwa baadaye. Kulikuwa na mbunge mmoja mjinga, alikwenda hospitali akajipanga pamoja na wananchi, tena akawa anapiga nao soga. Waheshimiwa wenzake waliaibika sana. Sijui yuko wapi siku hizi, na wala sitaki kujua.

Sasa nisikilizeni.

*

Mambo yalianza siku Mtukufu alipokasirika. Mtukufu ndiye kiongozi wetu, jina lake nalo silitaji, halitoshi kwenye ukurasa. Alikasirika kwa sababu salamu za kumpongeza kwa siku yake ya kuzaliwa zilimfikia keki imeshaota ukungu. Mtandao wa serikali ulikuwa mzito kupita kiasi. Akamwita Waziri wa Mawasiliano, Foleni na Utulivu wa Umma, Mheshimiwa Bukheti Tamimu, akamuuliza swali moja tu: "Bukheti, unanipenda au hunipendi?"

Waziri Bukheti alirudi ofisini anatweta. Ni mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mengine yote. Akamwita Injinia Kipeta, mkuu wa mitambo, msomi wa ng'ambo aliyerudi na shahada na tabia ya kukubali kila kitu.

"Kipeta, salamu zangu kwa Mtukufu zimekwama wapi?"

"Mheshimiwa, ujumbe ukitumwa hauendi mzima," akasema Kipeta. "Unakatwa vipande. Kila kipande tunakiita pakiti, na kila pakiti inatembea peke yake mpaka mwisho wa safari, ndipo zinaunganishwa. Njiani kuna ruta, vile visanduku vya vitaa vinavyoelekeza nani apite wapi. Pakiti zikija nyingi kuliko waya unavyoweza kumeza, zinapanga foleni."

"Foleni ni jambo jema."

"Jema sana, Mheshimiwa. Ila foleni ikijaa, zinazokuja nyuma zinadondoka."

Waziri akasimama. "Zinadondoka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kitaalamu."

"Zinadondoka wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Chini?"

Hapo Injinia Kipeta angeweza kuiokoa nchi kwa sentensi moja. Angesema tu kwamba pakiti ikidondoka imepotea basi, haina umbo, haina mahali ilipoangukia, na dawa yake ni kutuma tena na kupanua njia. Angeongeza kwamba waya wetu ni mwembamba kama kamba ya kiatu, na nusu yake imezibwa na video ya harusi ya binti wa Waziri, ambayo inarushwa kwa taifa zima tangu mwaka juzi. Lakini alikumbuka kwamba mwenzake aliyemtangulia alisema ukweli huohuo, na sasa anafundisha kompyuta kwenye kisiwa kisicho na umeme. Akamtazama Waziri usoni.

"Chini, Mheshimiwa," akasema.

Waziri akapiga meza kwa kiganja. "Na nani anaziokota?"

*

Basi ikawa ndiyo sera. Pakiti za serikali zinadondoka chini ya nguzo, na wananchi, wezi wakubwa sisi, tunapita tunaziokota na kwenda kuzitumia majumbani. Waziri alilia redioni. "Ndugu wananchi, mmeniumiza," akasema. "Serikali inawatumia maendeleo kipande kwa kipande, nyinyi mnayaokota kabla hayajafika!"

Kikaundwa Kikosi cha Kulinda Zilizodondoka, wenye sare za kijivu na mafagio. Ikatungwa sheria: mtu yeyote atakayeinama chini ya waya wa mtandao ameinama kuokota mali ya umma, na adhabu yake ni kitanzi. Wallahi mji ulibadilika. Watu tulianza kutembea wima kama tumemeza fimbo. Mwanamke akiangusha khanga, anaiaga hapohapo na kuendelea na safari. Sokoni, ambako nyaya zinapita juu tele, nyanya iliyobiringika chini ikawa imekwenda moja kwa moja.

Waziri hakuishia hapo. Alileta mageuzi mawili, na yote mawili alipigiwa makofi mpaka wabunge wakavimba viganja.

La kwanza: pakiti zikatwe ndogo zaidi, silabi kwa silabi. "Mwizi akiokota, aokote 'ba' au 'ku'," akasema. "Tuone atakwenda kuuza wapi 'ku' yake!"

La pili: pakiti nazo zifuate sheria ya heshima. Pakiti zenye kumsifu Mtukufu ziwe Pakiti Tukufu, zipite mbele ya zote. Mambo ya waheshimiwa na harusi zao yafuate. Zilizobaki ziitwe Pakiti za Kawaida, zisubiri, na foleni ikijaa ndizo za kudondoshwa. Mkulima anayeulizia dawa ya viwavi, nesi anayeomba damu, mtoto anayemsalimia baba yake aliye ng'ambo, wote hao ni kawaida. Tukaambiwa huu ndio usimamizi wa kisasa wa foleni. Sawa bwana. Sisi tunajua nini?

*

Sasa tuje kwa Kombo.

Kombo alikuwa kinyozi wa mtaa wa Mlingoti, mtu wa mzaha, mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa. Alikuwa na dada yake, Siwatu, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye hakuwa na ndugu mwingine duniani. Majina yao msiyashangae. Marehemu mama yao alizika watoto kabla ya hawa, akachoka na makaburi madogo. Basi waliofuata akawapa majina ya kuwadunisha makusudi, kama ilivyo desturi ya kwao, ili kifo kikipita kiyasikie kiseme, ah, hivi navyo vya nini. Wa kiume akamwita Kombo, kilichopinda. Wa kike akamwita Siwatu, yaani hawa si watu, kapite kwingine. Na kweli kifo kilipita. Mama wa watu hakujua tu kwamba serikali nayo ingekuja kupita.

Siku moja Kombo alitoka dukani. Alipofika chini ya nguzo, kandambili yake ikachomoka. Akainama kuirudishia.

Walimkamata akiwa bado ameinama. Na mfukoni, jamani, walimkuta nayo.

Mahakamani nilikuwepo, nimekaa safu ya nyuma. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mmoja mwenye miwani isiyo na vioo.

"Ulipokamatwa ulikuwa umesimama au umeinama?"

"Nimeinama, bwana mkubwa. Kandambili ilikuwa imechomoka."

"Jibu unachoulizwa. Mfukoni ulikuwa na nini?"

"Majani ya chai."

"Yakiwa ndani ya nini?"

Kombo akaitazama meza ya ushahidi. Maskini, aliona shimo lakini mguu ulishatangulia. "Ndani ya... pakiti."

Ukumbi mzima ukaguna. Mwendesha mashtaka akakaa chini polepole kama mtu aliyeshiba.

Siwatu akaruka kutoka kwenye benchi. "Jamani ni majani ya chai! Hamuoni picha ya kikombe hapo juu? Chemsheni maji basi muone!"

"Kuchemsha kidhibiti ni kuharibu ushahidi," akasema jaji, "na wewe mama ukae chini." Alasiri ile kidhibiti kilinywewa ofisini kwake kwa maandazi, lakini hayo si ya kesi. Kombo akahukumiwa kunyongwa Ijumaa, katika gereza la palepale Mlingoti. Jaji alisema angependa kutoa adhabu ndogo, ila adhabu ndogo zimekwisha.

*

Huruma ya Mtukufu ilitokea ng'ambo, kama vitu vyetu vingi vizuri. Nchi moja tajiri ilitaka kumpa Nishani ya Huruma, ikaomba mfano mmoja tu wa huruma aliyowahi kufanya. Ikulu ikatafuta. Ikatafuta tena. Mwishowe msaidizi mmoja akasema, Mtukufu, kuna kinyozi ananyongwa Ijumaa, kwa nini usimsamehe? Mtukufu akauliza kama itauma. Akaambiwa hapana. Akakubali.

Redio ikatangaza. Siwatu alisikia akiwa nje ya lango la gereza na chungu cha uji, akapiga vigelegele mpaka askari wa zamu naye akatabasamu kwa bahati mbaya. Akacheza palepale na chungu kichwani. Sisi majirani tulimshangilia, tukasema Kombo leo anarudi kutunyoa.

Lakini redio si amri. Amri ya kupelekwa kwa mkono nayo ilishapigwa marufuku tangu taifa lilipoingia kwenye dijitali, na simu haina muhuri. Amri ni ile iliyofika kwa mtandao. Na amri ilitumwa kweli, sitaki kusingizia mtu: *Kombo asinyongwe.* Maneno mawili. Wizara iliipima ikaona inamhusu mfungwa, na mfungwa ni mtu wa kawaida kuliko wote, ikaitia kwenye Pakiti za Kawaida.

Papo hapo zikaanza pongezi. Mawaziri wote walimpongeza Mtukufu kwa kumsamehe Kombo. Wakuu wa mikoa wakapongeza. Chama cha Wapiga Tarumbeta kikapongeza, Umoja wa Wajane wa Makatibu Wakuu ukapongeza, na Waziri Bukheti akapongeza, kisha akaipongeza pongezi yake mwenyewe. Nakala zikatumwa kila ofisi ya serikali, gereza la Mlingoti likiwemo. Zote hizo ni Pakiti Tukufu, zote zinapishwa mbele. Foleni ikafura mpaka visanduku vya ruta vikawaka moto. Na msamaha wenyewe umesimama huko nyuma, unawapisha waliokuja kuusifu.

*

Mkuu wa gereza aliitwa Afande Mtipa. Huyu alikuwa mwalimu wa sarufi miaka mingi, akahamishiwa magereza kwa kosa la uandishi: wizara ilikusudia kuandika 'masomo', ikaandika 'manyororo', na aliyeandika alikataa kukosea. Mtipa ni mtu mwema. Mkiniuliza mimi, watu wema wa aina yake ndio wanaotumaliza.

Jumatano alitoka langoni ameshika karatasi za pongezi zilizotoka kwenye mtambo, machozi yanamtiririka.

"Dada Siwatu, sikiliza hii. 'Twakupongeza kwa moyo wako wa dhahabu kwa kumwachia huru Kombo.' Lugha tamu kweli! Na hii nyingine ina vina."

"Ahsante, Afande. Sasa mfungulieni."

"Nimfungulie kwa lipi? Hizi ni pongezi. Amri bado."

"Lakini si zinasema amesamehewa?"

"Zinapongeza kusamehewa. Kusamehewa kwenyewe hakujafika." Akamshika bega. "Subiri, dada yangu. Iko njiani."

Alhamisi jioni amri ikaanza kuingia, silabi moja moja. *Ko.* Kimya. *Mbo.* Siwatu amekamata vyuma vya dirisha la ofisi, anasoma kwa midomo. *A.* Kimya kirefu, maana Umoja wa Wajane ulikuwa umetuma pongezi za nyongeza. Kisha *nyo.* Kisha *ngwe.* Mtambo ukapiga kengele yake ya mwisho wa ujumbe.

Afande Mtipa akaziweka mezani kwa mstari, akasoma.

"Kombo anyongwe."

"Sivyo!" Siwatu akapiga ukelele. "Afande, sivyo! Redio imesema asinyongwe! Hapo katikati kuna 'si'! Imedondoka!"

Mtipa akavua miwani. Mwalimu wa sarufi alielewa kuliko mtu yeyote ni kitu gani kimepotea pale. "Yawezekana," akasema taratibu. "Yawezekana kabisa. Lakini mimi nanyonga kilichoandikwa."

"Waambie watume tena!"

"Nimeshaomba. Ombi langu liko kwenye foleni, nyuma ya pongezi."

"Ni kesho asubuhi, Afande! Ni kaka yangu! Sina mwingine mimi!" Alilia mpaka hata sisi tuliokuwa nje ya ua tulikwepana macho. "Nifanye nini? Niambie, nifanye nini?"

Afande akafikiri kwa uchungu wa kweli. "Sera ya serikali iko wazi," akasema. "Kilichodondoka kiko chini ya nguzo. Akitokea mtu akaniletea hiyo 'si', nitaipachika mahali pake, na sentensi itakuwa sahihi. Ila aokotaye..." Hakumaliza. Akafunga dirisha.

*

Siwatu alikaa kwenye ukingo wa barabara, chini ya nguzo, mgongo wima kama sheria inavyotaka. Mimi nilikaa kando yake. Baada ya muda akafungua mkoba wake kutafuta kitambaa cha kufutia machozi, na humo, kati ya nyuzi na tepu ya kupimia, akaona kitambulisho chake cha taifa. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi za serikali. SIWATU.

Akalitazama. Kisha akacheka, kicheko kibaya kidogo. "Mama," akasema, "ahsante." Akatoa mkasi wake wa kazi, akakata.

Akaingia gerezani ameshika kipande mkononi. "Afande, hii hapa. Nimeiokota chini ya nguzo ya kwanza, hapo nje."

Mtipa akaipokea kwa vidole viwili. Herufi za serikali, wino wa serikali. Akaipaka gundi, akaibandika kati ya 'a' na 'nyo', akasoma kwa sauti, na uso wake wote ukang'aa. "Asinyongwe! Hali ya kukanusha! Mfungulieni mtu huyo!"

Kombo akatoka nje. Walikumbatiana pale ukumbini. Afande aliwapa nafasi, akafuta miwani, akakohoa.

"Sasa, dada Siwatu. Umesema umeiokota."

"Ndiyo."

"Chini ya nguzo."

Siwatu akamwachia kaka yake. "Ndiyo, Afande. Niliinama nikaiokota."

Mtipa analia huku anafunga pingu. Kombo alipiga kelele, alijitupa chini, alijisingizia kuwa ndiye aliyeokota, lakini ameshasamehewa huyo, hawakumtaka tena. Walimtoa nje kwa nguvu, akakaa langoni palepale alipokuwa akikaa dada yake.

*

Mngemwona Waziri Bukheti siku ile! Tangu atunge sera yake hapakuwahi kupatikana mtu hata mmoja aliyeokota pakiti kweli, na sasa huyu hapa, amekiri kwa mdomo wake, tena ameileta yenyewe! Akatamka kwamba atakwenda Mlingoti mwenyewe kushuhudia kitanzi, pamoja na waheshimiwa wote, hema, viti na ngoma.

Na kwa kuwa alikuwa ameshapamba moto, akafanya mageuzi ya tatu.

"Nimeichunguza hii 'si'," akalitangazia taifa. "Siwezi, sitaki, sikubali, sijui, sioni maendeleo! Ukaidi wote wa nchi hii unaanza na silabi hiyo moja. Kuanzia sasa ni marufuku, kwenye mtandao na mbele ya hadhara yoyote. Atakayeitamka, Kikosi kimshughulikie."

Injinia Kipeta akaamriwa azifundishe ruta zote kudondosha kila 'si' inayopita. Akasema ndiyo, Mheshimiwa. Usiku haujaingia, neno 'sisi' lilikuwa limetoweka lote nchini, tukabaki na 'mimi' na 'wao'. Pongezi kwa Mtukufu, Simba wa Taifa, zilimfikia zikimwita Mba wa Taifa. Mtukufu alijikuna kichwa, akadhani ni cheo kipya.

Waziri alipoona hilo akatuma amri ya haraka kwa vituo vyote: *Sitisheni marufuku.* Vituo vikapokea: *Tisheni marufuku.* Polisi hawakujua marufuku inatishwaje, ila kutisha wanajua, wakaingia mitaani wakatutisha kwa bidii. Wachuuzi wengine walitishwa asubuhi na jioni. Waziri akaona bora anyamaze, aende zake Mlingoti kufurahi kidogo.

*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Waheshimiwa walikaa chini ya hema uani mwa gereza, wanapepewa. Wananchi tulijazwa upande wa pili kwa lazima, tujifunze. Mbele kilisimama kitanzi, na juu yake Wizara, haisahau, ilikuwa imetundika kile kibao cha bluu: WAHESHIMIWA KWANZA. Siwatu alisimama kando, mikono imefungwa mbele, amekunja ngumi moja kama aliyeshika kitu. Kombo walimzuia kwenye kamba, sauti imemkauka.

Waziri alitaka amri ifike kwa mtandao mbele ya macho yetu, tuone ufanisi. Aliituma mwenyewe kabla ya kutoka mjini: *Siwatu anyongwe.* Mtambo ulitolewa nje ukawekwa mezani. Ngoma zikanyamaza. Kikatoka *wa.* Kikatoka *tu.* Kisha *a*, kisha *nyo*, kisha *ngwe.*

Afande Mtipa akazipanga. Akasoma kimoyomoyo, akakunja uso. Akasoma tena. Akasogeza miwani puani, na nawaapia alikuwa mwalimu aliyeona kosa ubaoni.

"'Watu anyongwe'," akasema. "Mheshimiwa Waziri, hapa pana kosa la upatanisho. 'Watu' ni wingi. Kitenzi hakiwezi kuwa cha umoja." Akachomoa kalamu mfukoni, akaongeza herufi moja, akainua karatasi juu. "'Watu wanyongwe.' Sasa ni sahihi."

Tukatazamana sisi kwa sisi. Tulikuwa watu, hilo halina ubishi.

Waziri akacheka, mabega yanaruka. "Afande, acha mzaha. Ni huyo mwanamke! Jina lake ni S..." Akajiziba mdomo. Askari wa Kikosi walikuwa wameinua vichwa.

"Jina lake ni nani, Mheshimiwa?"

"Huyo! Huyo hapo!"

"Mimi nanyonga kilichoandikwa," akasema Mtipa kwa upole. "Pameandikwa watu."

Hapo Siwatu akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kila mtu alisikia. "Afande, watu wote hawa hawawezi kunyongwa kwa pamoja. Itabidi wapange foleni."

"Ni kweli kabisa," akasema Afande.

"Na foleni ina utaratibu wake."

Akatazama juu, kwenye kibao. Nasi tukatazama. Sijui nani alianza. Nadhani ni mama mmoja muuza samaki aliyekuwa mbele yangu. Aliinua khanga yake, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kwa adabu zote alizofundishwa na sheria.

"Pita mbele, Mheshimiwa."

Na mwingine: "Karibu, baba. Tutatanguliaje, na nyinyi mpo?" Na mwingine, na mwingine, mpaka ua mzima ukarudi nyuma, na katikati ikafunguka njia nyeupe kutoka kwenye hema mpaka kwenye kitanzi. Askari wa Kikosi, wenye mafagio yao, waliijua sheria ile kama sisi. Waliiimba shule moja na sisi. Wakalizunguka hema.

"Hapana!" Waziri akapayuka. "Hapana, nasema!"

"Hapana nini, Mheshimiwa?" akauliza Mtipa. "Kauli haijakamilika."

Waziri akafungua mdomo. Sitaki. Siendi. Sikusema hivyo. Sistahili. Nilimwona anavyozitafuta, nawaambieni nilimwona kwa macho yangu, na kila neno lililoweza kumwokoa lilikuwa linaanzia palepale. Alitoa mlio wa kuvuja, kama mpira uliochomwa. Jasho linamchuruzika, akageuka kumtafuta Injinia Kipeta, aliyekuwa amekaa nyuma yake na mwavuli.

"Kipeta! Iko wapi? Iko wapi ile?"

Injinia Kipeta, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akamtazama bosi wake bila kupepesa.

"Imedondoka, Mheshimiwa," akasema.

Siwatu walimfungua pingu, maana amri haikumtaja peke yake, akaja kujipanga nasi mwisho kabisa, kaka yake akimshika mkono. Alipofika karibu yangu akakunjua ngumi, akanionyesha kipande cha kitambulisho kilichobaki kiganjani, kimelowa jasho. WATU. Kisha akakifungia tena.

Tulikuwa wengi, mstari umezunguka ua mara mbili, kila mtu ametulia mahali pake. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Huko mbele nikasikia Afande Mtipa akisema, kwa heshima kubwa, "Karibu, Mheshimiwa."

Foleni ikasogea.